Jibu la Nne

Nilikutana naye ndani ya basi la Kampala kwenda Juba, na kabla hatujavuka daraja la Karuma nilikuwa nimeshachoka naye. Alikaa dirishani, amevaa tai kwenye joto lile, amepakata katoni iliyofungwa kwa kamba. Kila basi liliporuka shimo, vitu vilivyokuwa ndani ya katoni viligongana kwa kelele. Mwanamke wa kiti cha nyuma akashindwa kuvumilia.

"Mzee, umebeba nini hicho kinapiga kelele hivi?"

"Vifuniko vya madumu."

"Unaenda kuuza?"

"Hapana, mama. Naenda kufundisha."

"Unafundisha vifuniko?"

"Mimi ni mtaalamu wa ubunifu," akasema, bila kuona haya. "Katika elimu na katika biashara."

Yule mama akafikiri kidogo. "Na huo ubunifu unatibu nini?"

Upande wetu wote wa basi ulicheka, na yeye alicheka kuliko wote, mpaka machozi. Tangu hapo nilimwita Mtaalamu, kwanza kwa dhihaka, baadaye kwa sababu sikuweza kumwita kitu kingine.

Gulu tulibadilisha tairi. Elegu, mpakani, tulikuta malori yamepanga mstari usioonekana mwisho, madereva wamelala chini yake kwenye kivuli. Tulipovuka Nimule tukaambiwa tungoje msafara, maana siku zile magari hayakuruhusiwa kwenda peke yake barabara ile. Yalikwenda kwa pamoja, wanajeshi wakiwa mbele. Tulingoja hadi maji ya chupa yakawa ya moto. Watoto walilia, watu wazima wakaanza kugombana kwa mambo madogo. Ndipo akafungua katoni, akashika kifuniko kimoja cha njano, akauliza abiria, "Hiki kinaweza kuwa nini?"

Konda akasema gurudumu la gari la mtoto. Mtu akasema kikombe cha panya. Yule mama wa kiti cha nyuma akasema ni kofia ya mume wake, kwa jinsi kichwa chake kilivyo kidogo. Kufikia wakati msafara unaondoka, basi letu lilikuwa na furaha kama linalokwenda harusini, na mimi nilikuwa nimesahau kwamba naenda mji nisikomjua mtu.

"Una kazi huko Juba?" akaniuliza.

"Sina."

"Unajua kuendesha gari?"

"Najua."

"Basi unayo."

Mimi ni mtu wa Kitale niliyemaliza kidato cha nne nikaanza kutembea, na sijaacha. Nimekaa Busia, Mbale, Gulu. Kila mji niliutamani zaidi baada ya kuondoka kuliko nilipokuwa ndani yake. Juba ndiko nilikokaa muda mrefu kuliko kwingine kote, na sababu ni yeye.

Shirika lililomleta lilimpa nyumba ndogo Atlabara, karibu na chuo kikuu, na gari kuukuu ambalo mlango wake wa nyuma ulifungwa kwa waya. Kazi yangu ilikuwa kumwendesha, kupanga viti na kubeba katoni. Walimu wa Juba walimwita ustaz, kama wanavyomwita kila mwalimu. Wafanyabiashara walimwita daktari, na yeye aliwasahihisha kila mara, na kila mara walisahau.

Namna yake ya kufundisha ilikuwa moja. Angempa kila mtu kifuniko, angeuliza lile swali lake, halafu angenyamaza. Hakuwa mtu wa kusaidia. Alisimama pale mbele, mikono nyuma, akitazama watu kwa upole, na kimya kikawa kirefu hadi ukasikia jenereta ya jirani na jirani wa jirani. Nimeona wakurugenzi wakitoka jasho ndani ya kile kimya.

Mara ya kwanza alipokijaribu Juba, katika hoteli moja kando ya mto, kimya kilivunjwa na bwana mmoja wa suti ya kijivu aliyesimama na kusema, "Asante sana, mwezeshaji. Hiki ni amani."

Watu wakapiga makofi. Akasimama mwingine: kifuniko chake kilikuwa umoja. Wa tatu akasema ni kuwawezesha wanawake, na wanawake waliokuwepo wakatikisa vichwa kukubali, kwa uchovu. Hadi saa ya chakula kila kifuniko cha plastiki katika ule ukumbi kilikuwa amani, au maendeleo, au maridhiano.

Walikuwa watu wenye akili. Kwa miaka mingi wageni walikuja kwao na karatasi kubwa za kubandika ukutani na kalamu za rangi, wakauliza maswali ambayo majibu yake walishayabeba kutoka kwao. Juba ilikuwa imejifunza kutoa jibu haraka ili chakula kije.

"Wamefundishwa vizuri mno," Mtaalamu aliniambia ndani ya gari. Hakucheka.

Kesho yake alinyamaza zaidi. Amani ilikuja, umoja ukaja, akashukuru na kuendelea kungoja. Mwishowe mwalimu mmoja wa makamo, anayefundisha shule ya upande wa Bilpam, darasa lisilo na dawati hata moja, akasema bila kusimama, "Ustaz, malesh, samahani. Mimi hiki naona ni sahani. Binti yangu alikuwa na mdoli, akimlisha kwenye kifuniko kama hiki. Tulipokimbia alikishika mkononi njia yote mpaka Uganda."

Hakuna aliyepiga makofi. Kisha mtu wa pembeni akaanza kusema chake, na mwingine wake, na chakula kikaja kikapoa. Yule mwalimu wa Bilpam alikuwa hajaona mshahara kwa muda ambao hata yeye aliona aibu kuutaja, lakini siku ile alitoka ukumbini akicheka peke yake. Nawaambia hivi ili msije mkadhani Mtaalamu alikuwa mtu wa bure. Alikuwa na kipaji, na nilikiona kwa macho yangu.

Alikuwa na usemi aliourudia hata usingizini nadhani: "Usinipe jibu la kwanza. La kwanza ni la woga. La pili ni la jirani. La tatu ni la mwalimu wako. La nne ndilo lako." Walimu waliuandika ubaoni. Wafanyabiashara waliurudia wakinunuliana soda.

Na huyuhuyu mtu, aliyetaka dunia nzima ivunje mazoea, alikuwa mtumwa wa mazoea kuliko kuku. Asubuhi alikula ful, yale maharage ya Juba, bila kitunguu, kwenye bakuli lilelile, juu ya kiti kilekile cha plastiki cha bluu. Ukikaa kwenye kiti kile alizunguka zunguka nyuma yako kama mbwa aliyenyang'anywa mfupa. Barabara ilipofungwa kwa ajili ya msafara wa mkubwa fulani nikapita njia ya nyuma, alishika mlango wa gari kwa mikono miwili. "Una uhakika njia hii inafika?" aliuliza. Nikamwambia hili ndilo jibu langu la nne. Hakuongea nami hadi jioni.

Katika biashara ushauri wake haukuwa na bahati sikuzote. Kulikuwa na muuza magodoro wa soko la Jebel, mtu mnene mwenye mzaha, aliyehudhuria mafunzo mara mbili. Mtaalamu alimshauri ayatoe magodoro nje, ayatandike barabarani chini ya turubai, watu wajaribu kulala kabla ya kununua. Tulipopita kumwona, tulikuta wapagazi wa soko wamejipanga juu ya magodoro wakikoroma, viatu wamevipanga vizuri pembeni.

"Daktari," yule muuzaji akasema, "wateja wamelala, biashara nayo imelala. Sasa nifanye nini?"

"Nipe majibu manne," Mtaalamu akamjibu.

"La kwanza, nikufukuze. La pili, nikufukuze. Nikuendelezee?"

Walicheka pamoja na wakanywa kahawa. Aliweza kuchekwa; hilo lilinivuta kwake.

Kwetu Kenya alikuwa amefundisha chuo cha ualimu kwa miaka mingi, akaacha, akaanza kuitwa na mabenki na kampuni za bima. Aliwakalisha mameneja chini sakafuni na suti zao. "Walinipigia makofi," alikuwa akisema, "halafu wakarudi kwenye viti vyao wakakaa vilevile. Mkubwa ni mbunifu mpaka saa ya chakula tu. Nimewafundisha wakubwa maisha yangu yote. Nataka kumwona mtoto mmoja, mmoja tu, aende nayo hadi mwisho." Ndiyo maana alikubali Juba, ambako wenzake hawakutaka kuja.

Mtoto huyo alikuwa Kiden.

Mama yake aliuza chai nje ya lango letu, chini ya mabati mawili, na jiko la makaa na viti vifupi vya kamba. Alikuwa amekulia ukimbizini Uganda, na Kiswahili chake alikipata huko kwa madereva na askari. Alikuwa na dumu moja la maji lisilokuwa na kifuniko. Aliliziba kwa mfuko wa plastiki uliosokotwa, na kila alipoliinamisha maji yalimwagikia miguu yake. Yeye aliona katoni yetu ikipita kila siku.

"Ustaz, wewe iko na vifuniko mingi hivyo," alikuwa akisema. "Mimi nipe moja tu. Dumu yangu inalia."

"Mama, kikifunga dumu kitakuwa kifuniko tu. Hakitaweza tena kuwa kitu kingine."

"Lakini mimi nataka tu iwe kifuniko!"

Ulikuwa utani wao wa kila asubuhi. Mtaalamu alimnunulia hata mfuko mpya wa kuzibia. Kifuniko hakumpa, maana vile vilikuwa vyombo vyake vya kazi na alivihesabu kama padri anavyotunza vikombe vyake vya misa.

Kiden alikuwa darasa la nane. Alikuja baada ya shule kuosha glasi, na Mtaalamu alikaa kwenye kiti chake cha bluu, alichokitoa nje kwa ajili hiyo, akamuuliza swali lake. Yule msichana hakuogopa kimya. Aliendelea kuosha glasi ndani yake, kama mtu anayeosha vyombo mvua ikinyesha, halafu akajibu. Kifuniko ni jicho la dumu, ndiyo maana dumu la mama limepofuka. Kifuniko ni jua la watu wanaoishi ndani ya maji. Mtaalamu alikuwa akinitazama kwa namna ya mtu aliyeokota dhahabu na anaogopa kupiga kelele.

Nia ya mama ilikuwa moja, na kila aliyekunywa chai pale aliijua: Kiden apite mtihani wa darasa la nane vizuri, achukuliwe na shule ya sekondari ya masista. Shule ile ilichagua wasichana kwa alama, na msichana aliyeingia mle aliishi bwenini, mbali na wanaume waliokuwa wameanza kumuulizia akiwa bado anaosha glasi. "Akiingia hapo, mimi nitalala," mama alikuwa akisema. Mtaalamu akamwambia asiwe na wasiwasi, kichwa kama kile hakikosi nafasi. Na ni kweli Kiden alikuwa wa kwanza au wa pili darasani kwao sikuzote.

Siku ya mwisho ya mtihani alikuja mbio na sare yake, akasimama mbele ya kiti cha bluu.

"Ustaz, leo utafurahi! Sijaandika la kwanza hata moja!"

Mtaalamu alikuwa ameshika glasi ya chai. "Hujaandika la kwanza la nini?"

"La mtihani. Waliuliza, taja kazi moja ya mto. Mimi nilijua: maji ya kunywa. Nikaacha. Samaki, nikaacha. Mashua, nikaacha. Nikaandika, mto unaonyesha watu njia ya kurudi nyumbani."

Mama yake akacheka kwa fahari. "Ona huyu!"

"Na wakauliza, kwa nini tunachemsha maji. Najua vijidudu, darasa zima linajua. Nikaandika, ili wageni wakae."

Alisema na mengine. Aliyasema yote, moja baada ya jingine, mikono yake ikirukaruka, na nakubali mpaka leo kwamba sijasikia mtoto akisema vizuri vile. Mtaalamu alitabasamu. Alimpa mkono, akamwambia, "Hongera, Kiden." Kisha akainuka, akaacha chai yake, akaingia ndani, na nilipomfuata nilimkuta amesimama katikati ya chumba akitazama ukuta.

"Sikumwambia," akasema. "Sikumwambia kwamba kwenye mtihani ni la kwanza. Nani hajui hivyo? Nilidhani kila mtu anajua hivyo."

Matokeo yalichukua miezi. Miezi yote ile tulijua, sisi wawili, na kila asubuhi mama wa chai alituuliza kama wakubwa wa mitihani wamesema chochote. Kila asubuhi Mtaalamu alijibu kwamba bado. Alianza kunywa chai ndani. Kwenye mafunzo, aliuliza swali lake na kabla kimya hakijakaa alikijaza mwenyewe: kinaweza kuwa gurudumu, kinaweza kuwa sahani. Watu waliandika alichosema. Muuza magodoro aliniuliza pembeni kama daktari anaumwa.

Mtaalamu alikwenda kwa mwalimu mkuu wa shule ya Kiden, ambaye alimwambia karatasi zikishafungwa haziko mikononi mwake. Matokeo yalipotoka, na Kiden akawa chini, chini hata ya wasichana waliokuwa wakinakili kwake, nilimwendesha kwa masista. Nilisimama mlangoni na katoni, sijui kwa nini alitaka niibebe. Mkuu wa shule alikuwa sista mpole, mtu wa kwetu Kenya, na alimsikiliza hadi mwisho. Alisikiliza habari ya mto na habari ya wageni. Macho yake yalilowa.

"Mwalimu, nakuamini," akasema. "Lakini nikimwingiza huyu kwa hadithi, kesho hapa mlangoni nitakuwa na wazazi wote wa Juba, kila mmoja na hadithi yake, na nyingi zitakuwa za kweli. Nafasi ni za alama."

"Hakuna njia nyingine, sista?"

"Hakuna."

Njiani alijaribu. Tuandike barua kwa nani, tutafute shule Uganda, tumwombe nani. Nilimsikia akitoa wazo baada ya wazo, yeye ambaye kazi yake ilikuwa hiyo, na kila wazo lilikufa kabla hatujafika mzunguko wa barabara. Shule ya Uganda tulijua mama angekataa. Hakuwa tayari kumrudisha mwanawe alikotoka yeye. Tulipofika Atlabara Mtaalamu alikuwa amenyamaza, na kile kilikuwa kimya cha aina nyingine.

Kiden alirudia darasa la nane. Mama hakumlaumu mtu. Hilo ndilo lililomwondoa Mtaalamu, naamini, kuliko shirika lililochelewa kumpa mkataba mpya. Angetukanwa, angekaa.

Asubuhi aliyoondoka nilileta gari mapema. Alikuwa na begi moja na katoni. Mama wa chai alikuwa amemfungia siagi ya karanga kwenye kopo, ya safari, na ful bila kitunguu ndani ya mfuko.

"Ustaz, usikae na huzuni," akamwambia. "Mtoto sasa ameshika. Mwalimu wake anasema anaandika tu vile kitabu inasema. Hiyo ya nne yote ametoa. Mwaka hii atapita. Mafi mushkila, hakuna shida."

Alimwambia hivyo kwa kumtuliza, kama unavyomwambia mgonjwa kwamba homa imeshuka. Mtaalamu akasema asante.

Kiden alikuwa anaosha glasi kabla ya kwenda shule. Mtaalamu alifungua katoni juu ya boneti ya gari, akachukua kifuniko cha njano, nadhani kilekile cha Nimule, akainama mbele yake.

"Kiden. Hiki kinaweza kuwa nini?"

Msichana alikitazama. Akamtazama mama yake.

"Ni kifuniko cha dumu, ustaz."

Naye akanyamaza. Alisimama kama alivyokuwa akisimama zamani, mikono nyuma, akimtazama kwa upole, akingoja. Jenereta ya jirani ilinguruma. Boda boda zilipita. Wateja wawili waliokuwa wakinywa chai waliacha kunywa. Mimi nilimtazama Kiden midomo yake, nikamwomba moyoni. Aliosha glasi moja, akaisuza, akaipindua juu ya sinia. Akaosha ya pili.

"Ni kifuniko cha dumu," akasema tena, polepole, kwa kumsaidia, kana kwamba ustaz ndiye hakusikia.

"Ni kweli," Mtaalamu akasema. "Umepata."

Akamwekea kifuniko kwenye kiganja kilicholowa. Kiden alikwenda penye dumu la mama yake, akautoa ule mfuko uliosokotwa, akakizungusha kifuniko shingoni mwa dumu hadi kikakaza. Mama akaliinamisha dumu kujaribu. Halikudondosha hata tone.

"Ai, ustaz!" akapiga kelele kwa furaha. "Kumbe ilikuwa inaingia tu!"

Mtaalamu aliingia kwenye gari, akakaa, akafunga mkanda. Katoni ilibaki juu ya boneti, nami nikashuka kuichukua.

"Iache," akasema. "Madumu ni mengi hapa."